Usimvunje Mwalimu Mbele ya Mtoto

Mtoto anarudi nyumbani na daftari lililojaa wino mwekundu. Mzazi analitupia jicho, anaguna, kisha anasema: "Na huyo mwalimu wenu naye, sijui kasomea wapi!" Mtoto amesikia. Kesho asubuhi mwalimu yule yule atasimama ubaoni kufundisha kugawanya kwa njia ndefu, na mtoto atamtega sikio moja tu, maana mtu anayemwamini kuliko wote ameshamwambia kwamba pale mbele hakuna mtu.

Ndugu mzazi, Siku ya Walimu Duniani, tarehe 5 Oktoba, tunaweza kuimba, kupeleka zawadi na kupiga picha. Ni jambo jema. Lakini heshima ya mwalimu inajengwa au inabomolewa sebuleni kwako, siku nyingine zote zilizobaki.

Watanzania tuna deni moja kubwa katika jambo hili. Mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, TANU, chama tawala cha wakati huo, iliamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani, mpango uliojulikana kama UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Walimu hawakutosha hata kidogo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha huku wenyewe wakifundishwa: masomo kwa njia ya posta, vipindi vya redio, na mwalimu mzoefu wa kuwasimamia. Wengi walifundishia chini ya mwembe au katika madarasa ya udongo ambayo wanakijiji walikuwa bado wanayajenga. Tuliwalipa nini? Jina la kejeli. Mpaka leo "mwalimu wa UPE" ni tusi la kumtupia mtu asiyejua kitu, na wanaolitamka ni pamoja na waliofundishwa herufi ya kwanza na vijana hao. Kama elimu yao ilikuwa na upungufu, upungufu ule ulikuwa wa nchi nzima. Wao ndio waliokubali kuubeba. Binafsi naona ni aibu, na ningependa tusi hilo life kabla hawajafa wao.

Wapo pia wanaosema ualimu ni kimbilio la waliofeli. Mwenye maneno hayo na ajaribu kusahihisha. Darasa likiwa na watoto 80, na kila daftari likichukua dakika mbili tu, hizo ni zaidi ya saa mbili na nusu kwa somo moja. Bado hajaandika andalio la somo la kesho. Bado hajamwita pembeni yule mtoto wa dawati la nyuma, ambaye siku ya tatu sasa anasinzia, kumuuliza kama jana usiku alikula.

Na tunapowaambia walimu kuwa ualimu ni wito, tuangalie tunawaambia lini. Mara nyingi neno hilo huwatoka watu pale tu mwalimu anapodai malimbikizo yake au nyumba isiyovuja. Wito haumlishi mtu wala haumlipii kodi. Anayemheshimu mwalimu humsaidia kudai haki yake.

Je, walimu wabaya hawapo? Wapo: mtoro, mlevi, anayepiga watoto kwa hasira zake. Simshauri mzazi yeyote anyamaze, na anayemdhuru mtoto apelekwe kwenye sheria bila kuchelewa. Ninachoomba ni utaratibu kwa yale ya kawaida: alama usizoziamini, adhabu usiyoielewa. Usimjibu mwalimu kwa kumtuma mtoto, wala usimwanike kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Nenda shuleni mwenyewe, msalimie kwanza, muulize yeye ilikuwaje. Msipoelewana, mlango wa mwalimu mkuu upo, na baada yake kamati ya shule. Wakati mnazungumza, mtoto abaki nje akicheza na wenzake.

Jioni akikuuliza mwalimu kasema nini, mwambie tumeongea na tumeelewana, kisha mwombe alete daftari mtazame pamoja yale makosa.