Msaada wa Njiani

Mwaka jana vijana wa kanisa letu walishindana kwa mbio ya kilomita 50 kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Iringa. Baba mmoja alimfuata mwanawe kwa pikipiki, akimpa maji na uji (tena uji wa ulezi!) kila alipolegea. Kijana akafika wa kwanza, lakini waamuzi wakamtoa katika hesabu. Tangu hapo twaulizwa, "Walimu, tangu lini kumpa mtu maji kukawa dhambi?"

Swali hili si dogo, maana sisi Wakristo tumefundishwa kumnywesha mwenye kiu. Nasi twajibu: si maji yaliyokatazwa. Sheria za mbio ndefu za barabarani huweka vituo, na maji ya kituo ni ya kila apitaye. Mganga wa mbio naye aweza kumtazama mkimbiaji aliyeumia, wala hilo halihesabiwi kuwa msaada. Kilichokatazwa ni msaada wa mtu mmoja peke yake: chakula kitolewacho pasipo kituo, au asiyeandikwa mbioni kukimbia mbele yake ili amvute. Siku ile alikuwapo pia mwana wa mjane. Yeye angefuatwa na pikipiki ya nani?

Mzee mmoja hakuridhika. Alisema, "Hakuna ajitegemeaye kweli. Hata miguu yake alipewa." Neno hili lilitusumbua, kwa kuwa lina kweli ndani yake, likatukumbusha mbio ya Comrades, yaani ya wenzi wa vita, kule Afrika ya Kusini. Ni mwendo wa kilomita 90 hivi, kati ya Durban na Pietermaritzburg. Aliyeianzisha, Vic Clapham, alikuwa askari katika vita vya 1914–1918, akaja kupigana katika nchi hii yetu, ilipokuwa ya Wadachi, akatembea kwa miguu kilomita 2,700 hivi. Alitaka uvumilivu wa wenzake ukumbukwe. Mwaka 1921 walianza watu 34, wakamaliza 16.

Lakini majeshi ya vita vile hayakujichukulia mizigo yao. Wapagazi Waafrika, maelfu kwa maelfu, na wa nyanda hizi zetu miongoni mwao, walibeba vyakula na risasi vichwani, na wengi wakafa njiani kwa njaa na maradhi. Na katika mbio iliyozaliwa na safari ile, mtu mweusi hakukubaliwa kuandikwa mpaka mwaka 1975. Robert Mtshali aliikimbia mwaka 1935 akaimaliza kwa nguvu zake mwenyewe, lakini hakutiwa katika hesabu. Hapo sheria haikumnyima msaada. Ilimnyima mbio yenyewe. Mwaka 1989 Sam Tshabalala alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuishinda.

Basi mzee wetu alisema kweli, lakini hakutushinda. Twamdai kila mkimbiaji atumie nguvu zake, nasi hatuna haki ya kudai hivyo ikiwa mmoja amefungiwa njia na mwingine amechukuliwa mzigo. Sheria ya mbio yetu ilimbana mwenye pikipiki, nasi hatukumrudishia kijana zawadi, ingawa alilia mbele yetu.

Mwaka huu tulimwomba baba yule asimamie kituo cha maji penye mlima. Alikubali, akawapa wote. Tulikuwa karibu, tukaona ya kuwa kikombe cha mwanawe kilijaa kuliko vya wengine, tukanyamaza.