Deni la Mwandani wa Safari

Mtu atumwaye kazini katika mji wa mbali hupewa barua, nauli na posho. Mkewe au mumewe akifuatana naye hapewi kitu ila nafasi ya kukaa kando yake. Ikiwa mji huo ndio ambao mwandani ameuota tangu utoto, ajabu hutokea: mwenye kazi hufika mahali asipopatamani, na mwenye kutamani hufika mahali asipoitwa. Mmoja hufungiwa katika vyumba vya mikutano tangu asubuhi mpaka jioni. Mwingine ana siku nzima na mji mzima mbele yake. Je, fursa hii ni haki yake, au ni ya kuazima? Na kama ni ya kuazima, hulipwa kwa nani?

Aghalabu watu hujibu kuwa deni ni la nyumbani. Mwandani na afungue masanduku, amngoje mwenziwe jioni kwa uso mkunjufu, wala asimchoshe kwa habari za maajabu aliyoyaona. Jibu hili lina ukweli wake, walakini ni dogo mno, maana humfanya mtu kuwa mzigo ujuao kutabasamu. Waswahili wamesema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenye kazi amekuja na jembe lake begani. La mwandani ni lipi?

Mwaka 1716 Edward Wortley Montagu aliteuliwa kuwa balozi wa Uingereza katika dola ya Waturuki. Mkewe Mary, aliyezaliwa mwaka 1689, alifuatana naye pamoja na mwana wao mdogo. Zama zile Mashariki ilikuwa ndoto ya wasomaji wa Ulaya, kwani tangu mwaka 1704 Antoine Galland alikuwa akitoa kwa Kifaransa hadithi ambazo wasomaji wa Kiswahili huzijua kwa jina la Alfu Lela Ulela. Walipita Vienna, wakavuka Hungaria wakati wa baridi kali, wakafika Edirne mwaka 1717, kisha Istanbul. (Mshahara wa balozi ulitoka kwa kampuni ya wafanya biashara wa Levant, hata yafaa kusema kuwa ndoto ya bibi yule ililipiwa na wauza nguo za sufi.)

Kazi ya balozi ilikuwa kuwapatanisha Waturuki na Waaustria waliokuwa vitani. Alishindwa, akarudishwa kwao mapema, na mapatano ya mwaka 1718 yakafanywa kwa mikono ya wapatanishi wengine. Hayo yamekwisha.

Mkewe hakutumwa neno, naye akatazama. Alijifunza Kituruki, akavaa mavazi ya wanawake wa mji, akatembea kwa shela mahali ambapo mke wa balozi angalitambulikana mara moja. Aliingia katika hamamu za wanawake, ambamo mwanamume hakuweza kutia mguu, akawakemea wasafiri walioandika habari za nyumba ambazo hawakuzifikia hata mlangoni. Barua zake zilichapishwa mwaka 1763, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Lakini jambo kubwa lilikuwa ndui. Maradhi haya yalikwisha kumwua ndugu yake mwaka 1713, na mwaka 1715 yalimshika yeye mwenyewe, yakamwachia makovu usoni na macho yasiyo kope. Uturuki alipata habari za bibi vizee wajao wakati joto la kiangazi lipunguapo, na ganda la jozi lenye usaha wa ndui, wakichanja ngozi kwa sindano na kutia usaha kidogo. Aliyechanjwa huugua siku chache, akapona, asiupate tena. Aliandika habari hiyo Aprili 1717. Karibu mwaka mmoja baadaye, Machi 1718, mwanawe alichanjwa na bibi kizee wa Kigiriki, na Charles Maitland, tabibu wa ubalozi, akauchanja mkono wa pili. Balozi hakuwapo nyumbani. Habari ilimfikia kwa barua, baada ya jambo kwisha.

Hapa hapafai kupitwa upesi. Mtoto alikuwa wa watu wawili, na kuchanjwa kwa namna ile kuliwahi kuua. Hata kama wazazi walikwisha kuzungumza, uamuzi wa siku ile ulikuwa wa mama peke yake. Wamsifuo hutaja kupona kwa mtoto, na hoja hiyo ni dhaifu: lau angalikufa, tendo lile lile lingaliitwa usaliti, na mama yule yule angalilaaniwa na vinywa hivyo hivyo. Tendo halipati wema wake kwa bahati ya mwisho wake. Kama lina utetezi, umo katika ule mwaka mzima wa kutazama na kuuliza. Balozi alikaa katika nchi ile ile, akapita karibu na sindano zile zile, lakini macho yake yalikuwa katika hati za mapatano. Yule aliyekuwa na nafasi ya kujua alijua, na ujuzi ukamtwika mzigo ambao mwenye cheo hakuweza kuubeba kwa niaba yake. Walakini kujua si ruhusa ya kumweka mwenzi kando, na katika hili lawama kidogo humbakia, hata kwa msomaji ampendaye.

Ndui ilipozuka London mwaka 1721, alimtaka Maitland amchanje binti yake, aliyezaliwa Istanbul. Matabibu wengi walipinga. Mwaka 1722 aliandika gazetini kuitetea chanjo ya Kituruki, akijificha chini ya jina la mfanya biashara wa Uturuki. Hivyo ndivyo alivyolipa, na mumewe siye aliyekuwa mdai: alichopewa katika nyumba za watu wa mji alikipeleka mbele, akisema kimetoka wapi. Baada yake, mwaka 1796, alikuja Edward Jenner na chanjo yake ya ndui ya ng'ombe, iliyo salama zaidi. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Marka, katika pwani ya Somalia, mwaka 1977. Na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa maradhi yale yamekwisha duniani.

Katika habari hizi jina la balozi limehifadhiwa, na la tabibu, na la mtoto pia. La bibi kizee aliyeshika sindano halimo.