WAZO LA LEO: Fundi cherehani wa Wrangel

Ada Blackjack hakwenda Aktiki kutafuta sifa. Alikuwa fundi wa kushona, Mwinupiati wa Alaska, na mwanawe alikuwa na kifua kikuu. Mwaka 1921 akaahidiwa dola 50 kwa mwezi awashonee nguo za manyoya wanaume wanne katika Kisiwa cha Wrangel, kaskazini mwa Siberia. Meli ya kuwaletea chakula ilizuiwa na barafu. Januari 1923 watatu wakaondoka kwa miguu kutafuta msaada, wasionekane tena. Wa nne, Lorne Knight, aliugua kiseyeye. Ada akamuuguza, huku akitukanwa naye, hadi Knight akafa Juni. Ada akabaki na paka tu, Vic.

Bunduki hakuizoea, na dubu aliwaogopa mno. Basi akajifunza kulenga shabaha, akatega mbweha, akaunda mashua, na juu ya kitanda akatundika bunduki ili dubu asimkute mikono mitupu. Agosti meli nyingine ikamkuta mzima.

Vilhjalmur Stefansson, aliyewatuma naye asiende, aliandika kitabu kuhusu safari hiyo. Ada alichukua ujira wake, pungufu ya ulioahidiwa, akampeleka mtoto Seattle kutibiwa.