Korongo na Mkuki Wake

Mtu akija kwako kuomba hifadhi, una haki ya kumwambia akuonyeshe kidonda chake kwanza? Swali hili tumelijadili hapa Nyarugusu karibu wiki tatu, si kwenye semina wala kikao cha viongozi, bali tukiwa tumekaa chini tunakata maboksi. Nawaandikia ndugu zangu wa kambini, na wenzetu wa mashirika pia, maana linatugusa sote.

Kikundi chetu cha sanaa kina vijana tisa. Safari hii tuliamua kutengeneza ndege wa kuvaliwa: mtu anaingia ndani, anatembea, anapiga mabawa. Vifaa ni vile vilivyopo: maboksi ya mafuta na ya sabuni, waya, vipande vya mpira wa baiskeli, na gundi ya unga wa muhogo. Juu ya gundi, mama mmoja jirani alituuliza, "Jamani, mgao wenyewe mnauona, na nyie mnapaka chakula kwenye boksi?" Tukapatana naye: gundi iwe ya kichwa na mdomo tu, mengine yote yafungwe kwa waya.

Boksi lina tabia yake. Ukilichana utaona mifereji midogo ndani. Ukikata unyoya mrefu kwa kufuata mifereji, unasimama. Ukiikatisha, unajikunja kabla ya jioni. Mkanda wa kifuani ni kinyume chake: mifereji isimame wima, ndipo mkanda uzunguke mwili bila kuvunjika. Pa kukunja hatukati kwa wembe, tunakandamiza kwa kalamu iliyoisha wino. Mabawa tuliyapa mita mbili toka ncha hadi ncha, kwa sababu korongo mweupe halisi naye hufika hapo.

Kwa nini korongo, na si njiwa kama tulivyozoea kwenye sherehe za tarehe 20 Juni? Ni kwa ajili ya kisa kimoja cha kweli nilichowasimulia vijana. Mwaka 1822, karibu na Klütz kaskazini mwa Ujerumani, watu walimpiga risasi korongo mweupe, wakamkuta ana mkuki umepita shingoni. Ulikuwa na urefu wa sentimita 80 hivi, wa mti wa Afrika. Ndege alichomwa huku kwetu akaruka nao mpaka kule. Siku hizo watu wa Ulaya hawakuwa na hakika ndege hawa huenda wapi wakati wa baridi. Wapo waliodhani kwamba ndege wengine hulala matopeni chini ya maji. Mkuki ule ukawa ushahidi wa mkononi. Korongo akakaushwa, na mpaka leo anahifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock, mkuki ungali shingoni.

Basi ubishi ukaanza: korongo wetu tumtie mkuki ama tumwache?

Kijana mmoja alisema, "Mwalimu, bila mkuki huyu ni ndege tu. Nani atasimama kumwangalia?" Binti aliyeshona manyoya akamjibu, "Na ukiutia, hawataona kitu kingine. Mabawa tumeyahangaikia wiki nzima, wao wataangalia shingo tu. Sindiyo?"

Wote wawili walikuwa wanasema jambo ambalo kila aliyewahi kukaa kwenye kiti cha mahojiano analijua. Unajifunza haraka kipi kinaandikwa na kipi kinapita hivihivi. Ukisema ulikuwa na michikichi yako kule Fizi, kwamba uliimba kwaya na majirani walikuheshimu, kalamu inapumzika. Ukifika kwenye damu, kalamu inakimbia. Mwisho na wewe mwenyewe unaanza kujieleza kuanzia kwenye damu, hata mahali ambapo hakuna aliyekuuliza.

Tena tusiwasingizie wenye kalamu peke yao. Sisi kwa sisi tunapimana. Kwenye foleni ya maji utasikia, "Huyo naye kapoteza nani?" Aliyekimbia mapema, kabla hajaguswa, anaona aibu kusema alikimbia. Na kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996; waliozaliwa humu mwanzoni sasa ni wazazi. Kijana mmoja wa kikundi chetu amezaliwa hapahapa. Alinyamaza siku mbili, kisha akauliza, "Mimi sina mkuki. Kwa hiyo mimi si korongo?" Hakuna aliyemjibu upesi.

Sheria yenyewe haiutaki mkuki. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unazungumzia hofu yenye msingi ya kuteswa. Hofu inahusu linaloweza kukupata, si lazima liwe limekwisha kukupata. Mkataba wa OAU wa mwaka 1969 ukaongeza watu wanaolazimika kuhama kwa sababu ya uvamizi, au machafuko makubwa yaliyovuruga usalama mahali pao. Kwa hiyo aliyekimbia kijiji kinachoungua akiwa mzima wa mwili ni mkimbizi sawasawa na aliyechelewa akaumizwa. Aliwahi, basi. Kuwahi si kosa.

Hata hivyo siudharau mkuki. Wapo wanaotaka kusimulia, na kusimulia kunawapunguzia mzigo. Daktari hawezi kutibu kidonda kilichofunikwa. Na dada wa shirika mwenye nafasi kumi na watu mia mlangoni lazima ajue nani atangulie. Akikosa kuuliza, atakayetangulia ni mwenye sauti kubwa. Kujua kunahitajika. Ninalouliza mimi ni bei yake, na nani anailipa.

Yule korongo wa 1822 aliuawa ndipo akasomwa. Lakini mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete nyepesi za alumini miguuni, kila pete na namba yake. Njia hiyo ikaenea. Leo inajulikana kwamba korongo weupe hawakatishi bahari pana ya Mediterania. Wengi huzunguka kupitia Bosphorus na Sinai, kwa sababu hewa ya joto inayowainua hupanda juu ya nchi kavu. Pete ilitupa habari nyingi kuliko mkuki, na ndege akaendelea kuruka.

Sisi nasi tuna pete zetu, zile kadi zenye namba. Hatuzipendi sana, maana namba si jina. Lakini namba haichomi. Ndiyo maana nasema: mwenye haja ya kujua atafute njia inayomgharimu kidogo zaidi yule anayeulizwa. Jibu likiwa tayari limo kwenye faili, usimfungue tena. Na kama anaulizwa mara ya tano, mbele ya mgeni mwenye kamera, hapo hakuna anayetafuta kujua. Huo ni mkuki wa kuonyeshwa kwenye kabati la kioo.

Kikundi kiliamua hivi. Mkuki ulitengenezwa, wa mwanzi, na shingoni tukaacha tundu. Kila atakayevaa ndege ataamua mwenyewe siku hiyo, na wengine hatutamuuliza sababu. Waliovaa walikuwa wanne kwa zamu. Wawili waliuchukua mkuki, wawili wakauacha. Binti wa manyoya, ambaye alikuwa ameupinga, aliuchukua.

Kijana aliyezaliwa hapa alivaa bila mkuki. Korongo mweupe mkubwa karibu hana sauti. Husema kwa kugonganisha mdomo. Wetu tulimfanyia mdomo wa vipande viwili na kamba ya kuvuta, nao uligonga ka-ka-ka njia nzima, watoto nyuma yake. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni kwake alimsimamisha, akamtazama mabawa taratibu, akasema, "Karibu, korongo. Unakwenda wapi?"

Hakumuuliza ametokea wapi wala amepatwa na nini. Wenzetu wenye kalamu, na sisi wa kwenye foleni ya maji, tungeweza kuanza na swali la mzee yule. Mengine mtu atayasema akiwa tayari.