Vumbi la Leo, Moshi wa Mwakani

Chini ya kiti cha pikipiki, au pembeni nyuma ya kifuniko cha plastiki, kuna kitu ambacho abiria hajawahi kukiona. Mara nyingi hata mwenye pikipiki hajawahi. Ni kichujio cha hewa. Mafundi wa Kibera na Kawangware wanakiita eakilina, na kazi yake ni moja tu: hewa ipite, vumbi libaki.

Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Zikipenya, zinachanganyika na oili na kuwa msasa. Ringi za pistoni zinaliwa polepole, silinda inatanuka, oili inapanda juu na kuungua. Ukiona nduthi imepita Olympic ikiacha moshi wa samawati nyuma yake, hapo injini inakula oili, na kilichoanzisha ugonjwa huo huenda kilitendeka mwaka jana.

Kuiosha si kazi ya ajabu. Sponji inaoshwa kwa mafuta taa au maji ya sabuni, inakamuliwa kwa kiganja bila kusokotwa kama nguo, inakaushwa kivulini, halafu inapakwa oili kidogo, kwa sababu ni ile oili inayonasa vumbi. Ya karatasi haioshwi. Inapigwapigwa na kupulizwa kutoka ndani kwenda nje. (Wapo wanaopuliza kutoka nje, kwa kompresa, kwa nguvu zote, na kulisukumia vumbi ndani zaidi. Ukiwaambia, wanakuuliza wewe umefungua injini ngapi.) Ikichoka, inabadilishwa. Wanaoshindana kwa pikipiki za vumbi na matope huosha filta kila baada ya kuendesha. Boxer na TVS za kwetu si za mashindano, lakini njia za Gatwekera na Kabiria hazijaambiwa hivyo.

Sasa, filta ikijaa, injini inakosa pumzi. Kijana anakuja kwa fundi, abiria wanamngoja stegi. "Fundi, haivuti. Toa tu hiyo kitu, iende."

Na kweli ikitolewa, inaenda. Inaenda vizuri, tena kwa mngurumo. Leo inaenda, wiki ijayo inaenda. Je, fundi akiitoa amemdhulumu nani?

Swali lingekuwa jepesi kama pikipiki ingekuwa ya huyo kijana. Lakini tangu serikali ilipoziondolea kodi pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, nduthi imekuwa kitega uchumi cha watu wengi wasioiendesha. Mtu mwenye mshahara ananunua moja, anampa kijana, na jioni anataka hesabu yake, tuseme shilingi 300 au 400. Kijana anamwita tajiri, ingawa huenda tajiri mwenyewe bado analipa mkopo.

Kuna wanaosema pikipiki hiyo ni amana, kwa hiyo kijana aitunze kama mboni ya jicho. Mimi sikubali. Amana ni kitu nilichokuwekea bila kukudai chochote. Hapa kuna bei, na bei hiyo inalipwa kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Anayepokea kodi ya nyumba anajua rangi itafifia na bawaba zitalegea, hayo ameshalipwa. Vivyo hivyo tajiri ameshalipwa uchakavu.

Ila mpangaji hulipa kukaa, halipi kuchimba msingi. Pikipiki bila filta haichakai, inauawa, na inauawa kwa namna ambayo mkono wa muuaji hauonekani. Ukimkabidhi mwenzako tairi lililopasuka, ataliona. Ukimkabidhi injini iliyokula mchanga miezi mitatu, haoni kitu. Atakayebeba mzigo ni kijana mwingine, atakayeipokea nduthi hiyo mwezi wa nne na kulaumiwa mwezi wa sita. Huyo ndiye ninayemfikiria zaidi kuliko tajiri. Tajiri anaweza kuja kukagua, anaweza kuuliza. Kijana wa pili hawezi kuuliza chochote, maana hajulikani bado.

Wengine watajitetea kwamba hakuna siku hata moja iliyoharibu injini. Ni kweli. Vumbi la Jumatatu peke yake halikuua, wala la Jumanne. Lakini hoja hiyo ikikubalika, basi hakuna anayeweza kuharibu chochote kwa kidogokidogo, na sote tunajua nyumba ngapi zimevunjika hivyo.

Kwa fundi nina neno gumu zaidi. Yeye anajua. Kijana anaweza kusema hakujua mchanga ni msasa, tajiri anaweza kusema hakuambiwa. Fundi ameshika zile ringi zilizoliwa kwa mkono wake. Tena yeye ndiye atakayelipwa kufungua injini hiyo baadaye. Anayefaidika na ugonjwa alioweza kuuzuia hana ruhusa ya kusema "mteja ndiye aliyetaka." Angalau aseme kwa sauti, mbele ya walio stegi, kitakachotokea. Baada ya hapo kijana akiamua, ameamua akiwa macho.

Tajiri naye asijifiche. Kama hesabu ni ileile hata siku ambayo kijana amepoteza saa mbili akisubiri sponji ikauke, basi ni yeye aliyemfundisha kuitoa. Wengi wanaolalamika injini zimekufa hawajawahi kusema, "Jumamosi osha filta, leta mia mbili tu."

Kinachonisumbua kuliko yote kiko juu ya kiti. Kijana yuleyule anavuta vumbi lilelile, kutwa nzima, nyuma ya matatu na malori. Pua yake inazuia zile chembe kubwa. Zile ndogo kabisa, zinazopimwa kwa mikromita 2.5 kushuka chini, zinafika ndani ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango chake cha wastani wa mwaka hadi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo. Kwa injini tunauliza mara ngapi filta ibadilishwe. Kwa kijana, leso ikiwa ipo, anaifunga mdomoni, na jioni ikirudi nyumbani ina rangi ya Naivasha Road. Bibi yake anaiosha kwa maji ya sabuni na kuianika.