Deni la Mji

Kiswahili kimelitwika neno kuomba mizigo mitatu. Muumini humwomba Mola wake, fukara huomba mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa, na kijana aliyemaliza kidato cha sita huomba ufadhili wa kusomea uuguzi, famasia au udaktari. Huyu wa tatu hana neno lake mwenyewe, na pengine ndiyo maana tunamtazama kama mmoja wa wale wawili wa kwanza: ama apige magoti, ama anyooshe mkono. Neno ufadhili nalo linatokana na fadhila, yaani wema ambao mtendaji hakulazimika kuutenda. Ukianzia hapo, mengine yanajipanga yenyewe. Mwombaji anyenyekee, mtoaji ashukuriwe, na siku mfadhiliwa akipanda ndege kwenda kuuguza wazee wa Uingereza, tumkumbuke mbuzi wa methali, ambaye ukimfadhili utakunywa mchuzi, ilhali binadamu atakuudhi. Naona kosa liko pale mwanzoni. Kijana anayesomeshwa tiba kwa mali ya umma hafanyiwi fadhila. Mji unalipa deni uliokuwa nalo kabla hajazaliwa, na unalilipa kwa mikono yake.

Wanazuoni wa Kiislamu wanaugawa wajibu katika mafungu mawili. Ipo fardhi aini, inayomkabili kila mtu peke yake, kama sala tano. Na ipo fardhi kifaya, inayoukabili umma mzima. Mtu akifa mjini, lazima aoshwe, akafiniwe, aswaliwe na kuzikwa. Wakijitokeza wachache wakafanya, wote wamesalimika. Asipojitokeza hata mmoja, dhambi ni ya wote. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiweka tiba katika fungu hili la pili, na akawalaumu wanafunzi wa zama zake waliojazana kwenye fiqhi huku miji mingine ikikosa tabibu Mwislamu. Tuifuate mantiki yake mpaka mwisho. Ikiwa mji usio na tabibu una dhambi, basi muuza samaki, fundi cherehani na mwalimu wa hesabu, ambao hawatafungua kitabu cha anatomia maishani mwao, wamebakiwa na njia moja tu ya kusalimika, nayo ni kuhakikisha mtu mwingine anakifungua. Kodi yao inayomlipia kijana karo ndiyo fungu lao katika wajibu huo. Msamaria wa Injili ya Luka alikuwa na akili hiyohiyo. Alimfunga majeraha aliyeshambuliwa njiani, lakini safari ilikuwa bado inamngoja. Akamwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili ili amwuguze, akaahidi kulipa kitakachozidi. Hakuna msomaji wa kisa hicho anayedhani kuwa dinari zile zilikuwa sadaka kwa mwenye nyumba. Hata asiye na dini hapotezi hoja hii: kila mmoja wetu ataugua, hakuna anayechagua siku, na hakuna awezaye kujipasua mwenyewe. Jambo ambalo wote watalihitaji na ambalo hakuna anayeweza kulitenda peke yake ni wajibu wa pamoja kabla halijawa huruma ya mtu yeyote.

Tazama sasa tunavyomhoji mwombaji. Bodi ya Mikopo ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, humdai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, cha kifo ikiwa mzazi amefariki, uthibitisho wa ulemavu ikiwa anao, au ushahidi kwamba kaya yao inahudumiwa na TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini. Kisha zinafuata saini ya serikali ya mtaa na ya kamishna wa viapo. Nchini Kenya, kijana anayetafuta basari ya eneo bunge huanzia kwa chifu. Karatasi zote hizo zinauliza jambo moja: umekosa nini? Swali la ni nani watakaomkosa yeye asiposoma linabaki pembeni. Nitajibiwa kwamba fedha ni chache, na bila kupima uhitaji mtoto wa mkurugenzi atachukua fungu la yatima. Ni kweli, na vyeti hivyo viendelee kudaiwa. Lakini kupima nani asaidiwe kwanza ni suala la mgawo. Haliwezi kutuambia kwa nini tunagawa. Serikali yenyewe, ilipofungua mikopo kwa ngazi ya stashahada mwaka 2023, iliziweka fani za afya miongoni mwa zile za kipaumbele. Kwa kufanya hivyo ilikiri kwamba mwenye haja hapa ni nchi. Ni jambo la ajabu basi kwamba mwenye haja ndiye anayekaa nyuma ya meza, na anayekuja kuikidhi ndiye anayeapa mbele ya kamishna kwamba yeye ni fukara.

Inawezekana kuuliza kwa namna nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990, hospitali ya Mosvold huko Ingwavuma, vijijini kaskazini mwa KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, ilichoka kungoja wataalamu kutoka mjini wasiofika, ikaanzisha ufadhili kwa vijana wa eneo lake. Mwombaji alitakiwa kwanza kujitolea hospitalini, kisha ahojiwe na kamati yenye wanajamii ndani yake, na akikubaliwa aahidi kutumikia mwaka mmoja kwa kila mwaka aliolipiwa. Mpango huo ulikua, ukazifikia hospitali nyingine za vijijini, na umetoa wataalamu kwa mamia. Tofauti yake na fomu ya ufukara haiko kwenye kiasi cha fedha. Iko kwenye ukweli kwamba waliomchagua kijana ndio watakaopanga foleni mlangoni kwake, na yeye anawajua kwa majina.

Pingamizi zito zaidi ni la usawa. Kumfunga anayefadhiliwa kwa masharti ya utumishi ni kumfunga maskini peke yake, kwa kuwa mtoto wa tajiri hujilipia karo na huondoka huru. Hili lina historia kwetu. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula. Akila asirudi, ni msaliti. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, likiwemo la kufanya kazi kwa mshahara uliopunguzwa sana. Mwalimu akawafukuza karibu 400. Ukali huo unakumbukwa. Linalosahaulika ni kwamba Mwalimu aliukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kwa sababu lawama ya wanafunzi kwamba wakubwa wanahubiri kujinyima huku wao wakishiba ilikuwa imemchoma. Kwa kitendo hicho alikubali, hata katikati ya hasira, kwamba anayedai deni la utumishi lazima naye aonekane akililipa.

Je, mtoto wa tajiri hadaiwi kweli? Karo anayolipa katika chuo cha umma haifikii gharama ya kumfanya daktari. Pengo hilo linazibwa na hazina. Lakini hata angelipa kila senti, kuna ada ambayo hakuna benki inayoipokea. Udaktari hausomwi vitabuni peke yake. Mwanafunzi hujifunza kupapasa ini kwenye tumbo la mtu, kuchoma sindano kwenye mkono wa mtu, kuzalisha kwenye uchungu wa mtu. Na katika wodi za hospitali za kufundishia, iwe Muhimbili au Kenyatta, wengi wa wanaolala pale na kuzungukwa na makoti meupe kumi asubuhi ni watu wa kipato cha chini. Mwanafunzi akikosea mshipa mara ya kwanza, anayevumilia mara ya pili ni mgonjwa. Huyo ndiye mfadhili wa kwanza wa kila tabibu, na hakumwuliza mwanafunzi kama ana namba ya TASAF. Kwa hiyo jibu la pingamizi la usawa si kumfungua maskini, bali ni kukiri kwamba wote wamefungwa. Kama kuna mwaka wa kutumikia wilayani, uwe wa kila mhitimu wa fani za afya, aliyesoma kwa mkopo na aliyesoma kwa mfuko wa baba yake.

Linabaki pingamizi la wahitimu wenyewe, nalo ndilo linaloumiza. Wanasema: mnatudai utumishi, lakini ajira ziko wapi? Tanzania imo katika orodha ya nchi 55 ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitaja mwaka 2023 kuwa na upungufu mkubwa wa watumishi wa afya na kustahili kulindwa zisinyang'anywe wachache zilio nao. Na bado wapo wauguzi na matabibu waliohitimu wanaokaa nyumbani wakisubiri tangazo la ajira. Mwaka 2024 madaktari wa umma nchini Kenya waligoma kwa siku 56, na kiini kimojawapo cha ugomvi kilikuwa posho ya wanaofanya mafunzo kwa vitendo, ambayo serikali ilitaka iteremke hadi shilingi 70,000 kwa mwezi kutoka zaidi ya 200,000 zilizokubaliwa mwaka 2017. Hapa wanaoshikilia picha ya fadhila hawana la kusema, maana mtoa fadhila akishatoa hadaiwi tena. Picha ya deni inasema waziwazi. Wajibu wa kifaya hautimii kwa kumwosha maiti na kumwacha uwanjani. Mji uliomsomesha mkunga bila kumpa kituo, glavu na mshahara haujamaliza kulipa, wala hauna uso wa kumwita msaliti akitafuta riziki Muscat. Deni lake kwa wagonjwa halifutiki, lakini wa kwanza kuvunja ahadi si yeye.

Kwa kijana anayekaa leo kuandika maombi yake, haya yana maana ya vitendo. Aeleze hali ya nyumbani kwao kwa ukweli, bila kuipamba na bila kuilia. Kisha aandike ataziba pengo gani: wilaya ipi, kazi ipi, kwa muda gani. Na akifika mbele ya kamati, akishajibu yote aliyoulizwa, ana haki ya kuuliza swali moja kwa adabu: nitakapomaliza, kituo changu kiko wapi? Kamati isiyo na jibu ifahamu kwamba katika chumba kile mwenye kuomba ni yenyewe.