Je, Ajali Haina Kinga?

Mara nyingi tumesimama kando ya kaburi dogo, na mara nyingi tumelisikia neno lile lile likipita kinywa kwa kinywa kati ya waombolezaji: "Ajali haina kinga." Husemwa kwa upole, na anayelisema hana nia mbaya. Ataka kumpunguzia mama mzigo, asije akajilaumu usiku kucha. Katika saa ya kilio sisi nasi tusingethubutu kumsahihisha mtu huyo. Lakini matanga yakiisha kuanuliwa, yatupasa kuuliza kwa utulivu: Je, neno hili ni kweli? Na kama ni kweli, ni kweli kwa jambo gani?

Wazee waliotuachia methali hiyo walilitumia neno ajali kwa maana yake ya asili, iliyotoka katika Kiarabu: saa iliyowekwa, mwisho wa maisha ya mtu. Hiyo kweli haina kinga. Hakuna ukuta wala dawa iwezayo kuizuia isifike. Lakini siku hizi twaita ajali kila jambo baya litokealo bila kukusudiwa: gari lililopinduka kwa breki mbovu, ghorofa iliyoanguka kwa upungufu wa saruji, mtoto aliyekufa maji katika bwawa lisilo na ua. Maana ya neno imebadilika, methali imebaki vile vile. Na hivyo heshima ya usemi wa kale imekuwa joho la kufunikia uzembe wa leo.

Twataka kulipima jambo hili kwa mfano mmoja, nao ni bwawa la kuogelea, lile lijengwalo kwa saruji na vigae likadumu miaka mingi. Zamani bwawa la namna hiyo lilikuwa mali ya hoteli kubwa na vilabu vichache. Leo laonekana katika shule, katika nyumba za wageni, na katika nyua za watu binafsi mijini. Hatusemi kwamba ni kitu kibaya. Kuogelea kwajenga mwili, na kumfundisha mtoto kuogelea ni kumpa silaha ya kuokoa maisha yake. Lakini bwawa si mto. Mto haukuchimbwa na mtu. Bwawa lilichorwa, likapimwa, likalipiwa, na kila sentimita ya kina chake iliamuliwa na mtu. Kwa hiyo mtoto akifa humo, hatuwezi kuharakisha kuyalaumu maumbile.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Wengi walifia katika mito, maziwa, visima na madimbwi, wala si katika mabwawa ya kuogelea. Lakini kifo chenyewe ni kile kile. Mtu asiyepata kukiona hudhani kwamba anayezama hupiga kelele na kurusha mikono. Mara nyingi sivyo. Mtoto mdogo huzama kimya, kwa kuwa kinywa kilicho chini ya maji hakiwezi kuita. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika chache huanza kuharibika. Na dakika chache ni muda wa mama kuepua sufuria, au wa baba kumfungulia mgeni mlango.

Habari kama hizo zikifika masikioni mwa watu, swali la kwanza huwa: "Mama yake alikuwa wapi?" Swali hilo lina haki yake. Malezi ya mtoto ni wajibu wa wazazi, wala hakuna ua uwezao kuushika wajibu huo badala yao. Lakini likiwa ndilo swali pekee, huwa dhuluma. Natueleze sababu yake.

Mwezi wa Juni mwaka 2002, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, mtoto wa kike wa miaka 7, Graeme Baker, alikwenda na mama yake kwenye karamu. Babu yake alikuwa James Baker, aliyepata kuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje; basi haikuwa jamaa iliyokosa elimu wala mali. Mtoto huyo alijua kuogelea vizuri tangu angali mdogo sana. Mahali pale palikuwa na birika kubwa la kuogea maji ya moto, lenye pampu kama ya bwawa. Nguvu ya maji yaliyokuwa yakivutwa na pampu ilimnasa chini, penye tundu la kutolea maji. Mama yake aliingia akamvuta kwa nguvu zake zote, asiweze. Wanaume wawili wakamvuta hata kifuniko cha tundu kikavunjika, ndipo alipotoka. Lakini muda ulikuwa umekwisha kupita.

Hapo basi mama alikuwapo. Mtoto alijua kuogelea. Wasaidizi hawakukosekana. Kilichokosekana ni kazi njema ya fundi. Pampu ikivuta maji kwa tundu moja tu, mwili ukiliziba tundu hilo, nguvu yote ya pampu huushika mwili. Lakini yakiwa matundu mawili yaliyoachana kwa sentimita 90 au zaidi, mtoto mmoja hawezi kuyaziba yote kwa pamoja. Moja likizibwa, maji hupita kwa la pili, na mtoto hujitoa. Tena kifuniko kikiwa cha mbinuko badala ya kuwa bapa kama sahani, mwili haukizibi kwa urahisi. Bomba moja zaidi, na kifuniko cha umbo jingine: hiyo ndiyo iliyokuwa tofauti kati ya uhai na mauti.

Mama yule hakuridhika kuambiwa kwamba ajali haina kinga. Alikwenda mbele ya Bunge la nchi yake, akaeleza. Tarehe 19 Desemba 2007 Rais George W. Bush alitia sahihi sheria iliyopewa jina la mtoto yule, na mwaka mmoja baadaye ikaanza kutumika. Yaamuru kwamba mabwawa yote ya umma yawe na vifuniko vya namna iliyo salama, na kwamba bwawa lenye tundu moja liongezewe kinga ya pili, isipokuwa tundu hilo ni la namna isiyoweza kuzibwa na mwili. Kinga, basi, ilikuwako. Ila ilikuwa haijaamriwa.

Mtu akizisoma kanuni za mataifa mengine huweza kuchoka upesi kwa wingi wa vipimo. Lakini azisome kwa subira, naye ataona kwamba kila kipimo kina mtoto nyuma yake. Huko Australia ua wa bwawa hutakiwa kuwa na kimo cha sentimita 120 kwenda juu, ili mtoto mdogo asiupande. Nafasi kati ya vijiti vyake haizidi sentimita 10, ili asipenyeze mwili. Lango hufunguka kwa nje, si kuelekea majini, tena hujifunga lenyewe na komeo lake hujishika lenyewe, kwa sababu mtu aliyebeba vitu mikononi husahau kufunga. Viti na vyungu vya maua haviachwi karibu na ua, maana mtoto huvifanya ngazi. Tena wachunguzi wameona kwamba ua uzungukao bwawa pande zote nne hulinda kuliko ule wa pande tatu ambao upande wake wa nne ni nyumba yenyewe. Kwa kuwa mtoto anayekufa maji nyumbani mara nyingi hatoki barabarani, hutoka jikoni.

Ufaransa ilifuata njia nyingine kidogo. Kwa sheria ya tarehe 3 Januari 2003, kila mwenye bwawa lililochimbwa ardhini alitakiwa kuchagua moja katika kinga nne: ua, king'ora, kifuniko, au banda la kulifunika bwawa lote. Anayekaidi aweza kutozwa faini hata euro 45,000. Twaweza kubishana ni njia ipi iliyo bora. Lakini mataifa hayo yote yamekubaliana juu ya jambo moja: jicho la binadamu huchoka, na kilichojengwa vema hukesha jicho likilala.

Hapa mwenye mali husimama na kusema: "Bwawa ni langu, uwanja ni wangu. Mtoto wa jirani ameingia bila ruhusa. Mbona niwajibike mimi kwa kosa lake?" Hoja hii si ya kudharauliwa, maana haki ya kumiliki ni haki ya kweli. Mahakama za Uingereza zenyewe ziliishikilia muda mrefu. Lakini mwaka 1965 mtoto wa miaka 6 alipita palipobomoka katika ua wa reli, akaungua vibaya kwa umeme wa njia ya gari la moshi. Mkuu wa kituo alikuwa ameambiwa majuma machache kabla kwamba watoto walionekana njiani, wala halikufanyika neno. Mwaka 1972 majaji wa Baraza la Malodi waliamua kwamba shirika la reli lilikuwa na hatia, ingawa mtoto aliingia pasipo ruhusa. Kwa maana utu wa kawaida wamkataza mtu kuiacha wazi hatari aijuayo mahali anapojua watoto hupita. Nchini Kenya nako, sheria ihusuyo wajibu wa wenye mahali yamtaka mwenye mahali atazamie kwamba watoto watakuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Mtoto haijui mipaka ya viwanja. Ayajua maji yanayong'aa.

Wazo hili ni la kale sana. Yapata miaka 1750 kabla ya Kristo, sheria ya Mfalme Hammurabi wa Babeli iliamuru kwamba mwashi aliyejenga nyumba dhaifu, ikaanguka ikamwua mwenyewe, naye auawe. Lakini sheria hiyo yaamka baada ya kifo. Torati ya Musa yatangulia: katika Kumbukumbu la Torati, anayejenga nyumba mpya aamriwa kuuzungushia dari ukingo, ili nyumba yake isiwe na hatia ya damu mtu akianguka. Katika nchi zile watu huketi na kulala juu ya dari zilizo bapa. Na tuangalie kwamba Torati haiulizi ni nani atakayeanguka, kama ni mwana, mgeni au mdoezi. Yasema tu kwamba ukingo uwepo. Maana yake ni kwamba ukingo si sadaka apewayo jirani na mtu mkarimu; ni deni. Anayeujenga hakutenda wema wa ziada, na asiyeujenga amekosa haki, hata kama hakuna aliyeanguka bado.

Hapo ndipo kiini cha swali letu. Twazoea kudhani kwamba hatia huanza siku ya msiba. Sivyo. Mwenye bwawa lisilo na ua ambaye mwaka umepita salama hakuwa mwema. Alikuwa na bahati. Na mtu hawezi kujisifia bahati kana kwamba ni uadilifu.

Wengine watasema kwamba gharama ni kubwa. Twajibu: gharama ya ua ihesabiwe pamoja na ya vigae, siku ile ile ramani inapochorwa. Asiyeweza kulipia ua hajaweza bado kulipia bwawa. Fundi naye asiseme, "Nimejenga nilivyoagizwa." Yeye ajua jinsi pampu inavyovuta, na jinsi waya wa umeme usiokingwa unavyoua penye maji, mwenye nyumba hajui. Kunyamaza kwa ajuaye ni kosa la kutotenda, nalo ni kosa kamili.

Nasi wazazi na walezi tusingoje Serikali itufanyie yote. Tupelekapo watoto shuleni au kwenye nyumba ya wageni yenye bwawa, tuulize bila haya: Je, lina ua? Lango lajifunga? Maji ni maangavu kiasi cha kuona chini? Kina kimeandikwa ukingoni? Ni nani anayelinda, naye ajua kumwokoa mtu? Tena wengi wetu hatuna bwawa, lakini tuna kisima, shimo la choo lililoachwa, tangi la maji, au shimo la matofali lililojaa mvua. Kifuniko kizito juu ya kisima ni sheria ile ile, kwa gharama ya mbao chache.

Basi methali ya wazee tusiitupe. Tuiache pale ilipo haki yake, kando ya kaburi, imfariji aliyetenda yote aliyoweza. Lakini kwenye kiwanja cha ujenzi, mbele ya fundi na ramani yake, tutumie ile nyingine waliyotuachia wazee wale wale: Tahadhari kabla ya hatari.